Kitabu kimerudi na pini ndani

Shikamoo Mjomba wa Rafu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, naishi Tanga mjini na nauza duka la dawa. Chini ya kaunta, upande wa kushoto wa droo ya hela, nina rafu ya vitabu, na vyote ni vya upelelezi. Kumi na tisa niliachiwa na marehemu baba, vingine nimeviokota kimoja kimoja kwa wauzaji wa barabarani, na sasa vimefika hamsini na kitu. Wateja wanaazima. Nina daftari la kuandika nani kachukua nini na lini. Sitozi hela, ila anayechelewesha analeta karanga, na karanga nimekula nyingi.

Sasa tatizo. Mama mkwe wangu anakaa Pangani. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kafundisha Kiswahili darasa la sita na la saba mpaka nusu ya mji inamwamkia. Mtu wa swala tano, hana maneno mengi, na mimi namheshimu mpaka namwogopa. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho, na tangu hapo amerudia kusoma kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Mwezi wa tano alikuja mjini kliniki, akapitia dukani, akaiona rafu. Akaniuliza, "Una vitabu vya Bwana Msa?" Nikamwambia ninavyo viwili, lakini vyote vimeazimwa. Akasema, "Basi nipe chochote cha upelelezi."

Mjomba, gari la Pangani lilikuwa nje linapiga honi. Nikachomoa kitabu kimoja cha shushushu, cha miaka ya themanini, kurasa 184, ambacho hakuna aliyekiazima akakilalamikia. Nilikuwa nimekisoma nikiwa kidato cha nne, na nilichokumbuka ni kufukuzana kwa magari tu. Nikamtumbukizia kwenye mkoba. Kava lina bastola na msichana, lakini nilikiweka kifudifudi, hakuliona.

Nilichosahau ni sura ya tano.

Baada ya wiki tatu wifi yangu, wa kidato cha tatu, kaniletea kifurushi. Gazeti, na juu yake kamba ya katani yenye mafundo mawili. Ndani ni kile kitabu. Kimevishwa kava la karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa kama daftari la mwanafunzi, nikajua hata ile picha ya nje imemkirihi. Kurasa za 61 hadi 66 zimebanwa kwa pini za ofisini tatu: juu, katikati, chini. Halafu kuna peni nyekundu. Ukurasa wa 17 kakata "alizani" akaandika juu yake "alidhani". Ukurasa wa 98 karekebisha "badara ya". Ukurasa wa 171 kazungushia sentensi nzima, pembeni kaandika "haieleweki". Ni kama ananiambia, mwanangu, hiki ulichonipa ni uchafu. Zile pini mpaka leo sijathubutu kuzitoa.

Nikamuuliza wifi, mama kasemaje? Akajibu, "Kasema nikupe mkononi, na nisifungue."

Alikuwa na kawaida ya kunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Sasa ni Ijumaa ya tatu anapiga kwa mume wangu, anamaliza mazungumzo yao, halafu anasema "msalimie mwenzio". Nilipomweleza mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini, akasema hilo ni lenu wanawake.

Na tangu hapo nimeingiwa na woga. Mlinzi wa jengo la jirani anataka kitabu cha zamu ya usiku, nesi mmoja wa wodi ya wazazi anataka "cha upelelezi lakini damu naiona kazini", nami nabaki nawaambia rafu ninaipanga, waje kesho. Juu ya hayo, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kila akimwona mtu ameshika kitabu anamtajia muuaji. Juzi kamharibia mteja aliyekuwa hajafika hata sura ya pili.

Nimwombeje radhi mama? Na mtu anajuaje ampe nani kitabu gani?

Mwenye Kaunta,
Tanga

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa akiandika riwaya za upelelezi, alitunga kanuni kumi za mchezo huu. Mojawapo inamkataza mpelelezi kumficha msomaji vidokezo alivyovipata. Wewe umeitii hiyo kanuni bila kuijua: ushahidi wote umeniwekea mezani, hujaficha hata fundo la kamba. Halafu ukamkamata asiye na hatia.

Tuanze na kava. Mwalimu mstaafu hachukui mkasi, akakata karatasi ya kaki, akapima mgongo, akakunja pembe nne, kwa ajili ya kitabu kilichomchefua. Kitabu cha namna hiyo hurudi kama kilivyo, au hakirudi. Mtu huvisha kitabu kava akitaka kukitunza, au akitaka kukisoma mbele za watu. Zamani nikiuza vitabu vya mitumba kwenye turubai pale Posta ya Zamani, nilikuwa na mteja, karani wa mahakama, aliyevalisha gazeti kila riwaya ya kachero aliyoinunua kwangu kabla hajaondoka. Alikuwa anavuka kwenda Kigamboni asubuhi na jioni, na hakutaka abiria wa pantoni wamwone na bastola na msichana. Alikuwa akisoma kwa pupa kuliko wateja wangu wote. Mama yako ana baraza, ana majirani, ana wanafunzi wa zamani wanaopita wakimwamkia. Kile kitabu kakisoma barazani, nakuhakikishia.

Sasa peni nyekundu, ambayo ndiyo imekuumiza zaidi. Kurasa ulizonitajia ni 17, 98 na 171, na kitabu kina kurasa 184. Mtu aliyekirihika ukurasa wa 61 anatafuta nini ukurasa wa 98? Na ukurasa wa 171, kwa ninavyovijua vitabu vile, ni pale shushushu amefungwa kamba kwenye ghala, na adui, badala ya kumpiga risasi ayamalize, amesimama anamsimulia mpango wake wote tangu mwanzo. Mama hapo hakutupa kitabu. Alitulia, akazungushia sentensi mbovu, akaandika maoni. Hiyo si hasira. Mwalimu hasahihishi daftari la mtoto aliyekwisha kumkatia tamaa.

Zimebaki pini. Umejiuliza zimewekwa dhidi ya nani? Kitabu kilibebwa na nani? Msichana wa kidato cha tatu, peke yake garini kutoka Pangani, na kifurushi mapajani. Kwa hiyo gazeti, kwa hiyo kamba yenye mafundo mawili, kwa hiyo pini tatu, na juu ya yote amri ya "nisifungue". Ni kuta nne, na zote zinamtazama wifi yako. Angekuwa na hasira na zile kurasa angezichana, mkono haumtetemeki huyo. Tena fikiria hili: ili mtu ajue kwamba zinazostahili kubanwa zinaanza 61 na zinaishia 66, wala si 64, inabidi awe amefika 66.

Hapo ndipo penye simu ya Ijumaa. Ninyi wawili mmesoma kurasa sita zilezile, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake kazisoma. Mambo hayo kwetu pwani yana mtu wake, ambaye ni somo, yule mama anayemfunda mwali, na yana siku yake, ngoma ikiwa uani na milango imefungwa. Hayapitishwi kwenye mkoba kati ya mama mkwe na mke wa mwanawe, juu ya kaunta ya duka la dawa, gari likipiga honi. Mama hana cha kukusamehe. Hana pa kuanzia, basi. Akikupigia Ijumaa utamuuliza, "Kitabu umekionaje, mama?", naye ajibu nini?

Kosa lako lipo, lakini si hilo. Kosa lako ni kwamba mteja alikutajia jina nawe ukampa fungu. Hakusema kwanza "nipe cha upelelezi". Alisema Bwana Msa. Na neno upelelezi, mpwa wangu, ni kama neno mboga: ukiagiza mboga unaweza kuletewa mchicha, unaweza kuletewa nyama ya mbuzi, na aliyekuletea hajakosea.

Bwana Msa ni wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya hamsini, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ukoo wake na Sherlock Holmes haujifichi. Bwana Msa anawasha kiko na kufikiri, rafiki yake Najum anauliza maswali ambayo mimi na wewe tungeuliza, na Spekta Seif wa polisi anabaki kufanya kazi ya sheria. Risasi ni chache, mazungumzo ni mengi, na siri yenyewe mara nyingi imelala kwenye nasaba na urithi: huyu hasa ni mtoto wa nani, na yule alimwoa nani ambaye watu hawajui. Lakini raha kubwa iko kwenye lugha. Watu wa Abdulla wanaongea kama watu wa Unguja wanavyoongea, kwa mizunguko, kwa mafumbo, kwa kujikosoa katikati ya sentensi. Mwalimu wa Kiswahili akikuulizia Bwana Msa, nusu ya anachokililia ni Kiswahili. Wewe ukampa kitabu chenye "alizani" ukurasa wa 17. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningekuandikia "haieleweki" kwenye kava.

Mlango wa pili wa hiyo rafu yako ni wa polisi mwenye cheo. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, ya mwaka 1965, ndiyo iliyoufungua: Inspekta Wingo, Dar es Salaam, mauaji ya mjini, na simu. Ni kitabu chembamba na hakina mafuta ya ziada. Mimi nimekiuza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila nikikipata tena nilikuwa nakisoma kabla ya kukitandaza turubai.

Mlango wa tatu ndio uliomwingiza mama. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, akatuletea shushushu Willy Gamba, na baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango na mwenzake Nuru. Vijana wa leo wanavicheka vitabu hivi, wanasema ni bastola na hoteli. Hawajui vilitoka wapi. Tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini walikuwa majirani zetu, na kila mtu aliamini kwamba jasusi wa Kaburu anaweza kuwa yule aliyekaa meza ya pili anakunywa soda. Ndiyo maana shushushu wetu hapumziki. Anapanda ndege, analala hotelini, na hotelini kuna mtu. Sura ya tano haikuingia kwa bahati mbaya, mpwa wangu. Wasomaji waliilipia, na wauzaji tulijua iko ukurasa wa ngapi bila kufungua kitabu, maana ndipo kilipokuwa kikifunguka chenyewe.

Kwa hiyo mtu akija kaunta, usimuulize anapenda nini. Atakudanganya bila kukusudia. Karani wangu wa mahakama alikuwa akisema anapenda historia. Muulize kitabu cha mwisho alichokimaliza ni kipi, na kile alichokiacha njiani alikiachia wapi. La pili ndilo lenye habari. Aliyeacha ukurasa wa kumi alichoshwa na maelezo. Aliyeacha kurasa ishirini kabla ya mwisho amekwisha kumjua muuaji, na huyo mpe kigumu zaidi.

Na kabla hakijatoka dukani, hesabu karatasi za mwisho. Niliwahi kumuuzia dereva wa lori kitabu kilichopungua kurasa nane nyuma, sikukagua, mvua ilikuwa inakuja. Alirudi siku ya nne kutoka Morogoro akiwa na macho mekundu. Nikamwambia pole, kaa hapa nikusimulie mwisho, naujua. Akaziba masikio kwa viganja, katikati ya barabara, lori linamngoja. Hakutaka kusimuliwa, alitaka kusoma. Ilinichukua mwezi na nusu kumpatia nakala nyingine, na siku niliyompa hakunishukuru, aligeuka na kuondoka anasoma huku anatembea.

Mlinzi wako wa usiku mpe mlango wa tatu, sura fupi fupi. Chemshabongo haimfai, maana kila akishika uzi geti linagongwa, akirudi kasahau nani alikuwa chumba gani. Ila kagua ukurasa wa kwanza. Waandishi wa taharuki wana tabia ya kufungua kitabu kwa kumuua mlinzi getini, na hicho si kitabu cha kumpa mtu saa nne za usiku akiwa na rungu na tochi.

Nesi wa wodi ya wazazi ndiye wa Bwana Msa. Humo damu inamwagika mara moja, basi, kinachofuata ni watu wanakaa kitako wanahojiana. Viwili ulivyo navyo vikirudi, kimoja kiwe chake. Na siku akikuambia anataka kitu kipya zaidi, mtafutie Hussein Tuwa, Mkimbizi au Mtuhumiwa. Huyo anajua kumfanya mtu akae macho.

Usije ukajipa kazi ya kuwapimia watu moyo, hata hivyo. Kuna mama mmoja alikuwa akinunua kwangu, nikampa riwaya inayoanza na maiti, nikaja kuambiwa baadaye kwamba mumewe alikuwa ameuawa na majambazi na arobaini ilikuwa imepita juzi. Nilikosa usingizi. Wiki iliyofuata alikuja, nikaanza kujiumauma. Akanikatiza, akauliza kama ninacho kingine. "Humu ndani angalau wanamkamata," akasema, akachagua viwili, akalipa. Tangu siku hiyo nauliza, nikishajibiwa nampa mtu alichotaka. Wewe umemwamulia mama mkwe wako kwamba hawezi kustahimili kurasa sita. Huyu ni mwanamke aliyezaa, aliyezika, aliyefundisha darasa la saba.

Shemeji yako nitamaliza naye haraka. London kuna mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulioanza Novemba 1952. Kila onyesho likiisha waigizaji huwaomba watazamaji wasiende kumtaja muuaji nje. Maelfu kwa maelfu ya watu wamepita pale, na bado mtu anaweza kuingia leo bila kujua. Kwa hiyo inawezekana, ni adabu tu. Kama adabu hana, tafuta kwenye rafu kitabu ambacho karatasi ya mwisho imekwisha kuachia gundi yenyewe (usichane, Mungu anakuona), mwazime, karatasi ibaki kwenye droo ya hela. Atakuja kuiomba. Mwambie ataipata akimaliza mwezi bila kumharibia mteja.

Sasa mama. Usimwombe radhi. Ukimwomba radhi utalazimika kutaja unaomba radhi ya nini, na hapo ndipo nyote mtatamani ardhi ipasuke. Usimtume mume wako pia, huyo bado anacheka. Nenda mwenyewe Pangani, Jumamosi, na kitabu kingine, ukiwa umekwisha kukivisha kava la kaki kwa mkono wako. Mwamkie, kaa, kunywa chai utakayopewa. Kitabu kiweke mezani kama kitu cha kawaida, na juu yake uweke peni nyekundu mpya. Mwambie, "Mama, vitabu vyangu vina makosa mengi ya uandishi, na wateja wangu wengine ni wanafunzi. Naomba uwe unanisahihishia." Basi. Atajua kwamba umeiona ile 171, na atajua kwamba hutataja 61. Ijumaa simu italia kwako, na mtaongea kuhusu "dh" na "z" mpaka salio liishe.

Kitabu gani? Hilo bado hatujalijua, maana upelelezi wako una sehemu moja hujaigusa. Kabla hujapanda gari, kaa nyuma ya kaunta, toa zile pini tatu, na usome kurasa za 61 hadi 66 kwa kutafuta wino. Ukikuta ni safi, basi alizipita upesi akijifunika kanga. Mpelekee Bwana Msa kitakachokuwa kimerudi, au Simu ya Kifo. Lakini ukikuta mle ndani napo kuna "dh" imerekebishwa kwa peni nyekundu, kwa mwandiko uliotulia, mpelekee Joram Kiango.

Na pini umrudishie. Walimu wa zamani wanazihesabu.

Mjomba wa Rafu